Jimny ya milango mitano, Fronx au RAV4 ya kuagiza Japani: mtu wa Dodoma achukue ipi?

Tarehe 12 Januari 2023, kwenye maonyesho ya magari ya Greater Noida, jirani na Delhi, kampuni ya Maruti Suzuki ilizindua magari mawili kwa siku moja. La kwanza ni Jimny ya milango mitano, ambayo wapenzi wa kile kigari cha pembe nne walikuwa wameililia miaka mingi. La pili ni Fronx, gari la familia lililonyanyuliwa kidogo na kupewa sura ya SUV. Wachambuzi wengi waliikimbilia Jimny. Wanunuzi wa India wakaenda na Fronx, hata kabla mwaka ule haujaisha Jimny ikawa inauzwa huko kwa punguzo. Kisha Januari 2025 Suzuki ikaipeleka Jimny hiyohiyo Japani kwa jina la Jimny Nomade, ikiwa imepanga kuuza 1,200 kwa mwezi. Ndani ya siku chache oda zilifika karibu 50,000 na kampuni ikasimamisha kupokea nyingine.

Gari moja, kiwanda kimoja cha Gurugram, na masoko mawili yaliyolipokea kwa namna mbili tofauti kabisa. Ndiyo maana nawasihi wanaonunua gari wasome uchambuzi wa magari kwa makini, lakini wajue mwandishi aliliendesha wapi. Anayelijaribu gari kwenye barabara za Ujerumani atalalamikia kelele kwenye kasi ya 130. Wa Johannesburg atazungumzia foleni na bei ya bima. Wote wanasema kweli, ila hakuna kati yao anayekwenda Mvumi siku ya Jumamosi na magunia nyuma.

Humu nalinganisha magari matatu ambayo mtu wa Dodoma mwenye uwezo wa kati huyaweka mezani. Jimny ya milango mitano na Fronx ni mapya. Toyota imeichukua Fronx, ikaibandika nembo yake na kuiuza Afrika kwa jina la Starlet Cross, kwa hiyo nikiandika Fronx msomaji ahesabu na hiyo. La tatu ni RAV4 ya kizazi cha tatu iliyotumika Japani, ile iliyotoka mwishoni mwa 2005, yenye injini ya 2AZ ya lita 2.4 na tairi ya akiba mgongoni. Hii haihitaji kutambulishwa. Simama nje ya ofisi yoyote ya Mji wa Serikali, Mtumba, saa nne asubuhi uhesabu.

Wiki ya gari la Dodoma

Anza na njia zako. Mtumishi anayeishi Ilazo au Nzuguni na kufanya kazi Mji wa Serikali hukanyaga lami karibu safari nzima. Aliyejenga kwenye viwanja vipya vya Iyumbu, Nala au Michese ana lami mpaka mahali fulani, halafu kipande cha barabara kilichopitiwa na greda mara moja kabla ya mvua za Desemba, na baada ya mvua kimebaki mifereji. Mwisho wa wiki kuna shamba la zabibu Hombolo au Mpunguzi, kuna mpunga Bahi, kuna mzazi Kongwa au Mpwapwa. Mara chache kwa mwaka kuna msiba au harusi Kondoa, Singida, Iringa.

Na Dar? Hapo hesabu imebadilika. Tangu treni ya SGR ianze kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, Julai 2024, watu wengi ninaowafahamu wameacha kabisa kuendesha zile kilomita 450. Zamani tulinunua gari tukiwa na barabara ya Morogoro kichwani, ndiyo maana maegesho ya mji huu yalijaa Crown na Mark X, magari mazuri ya lami ndefu ambayo kwenye viwanja vipya yanakwangua tumbo. Leo kazi kubwa ya gari la nyumbani iko humuhumu mkoani na mikoa jirani. Ukilipima gari kwa kazi hiyo, mpangilio wa nani anaongoza unabadilika.

Chini ya gari

Jimny imesimama mm 210 kutoka ardhini, RAV4 karibu mm 190, na Fronx kati ya mm 170 na 190 kulingana na soko ililotengenezewa. Namba hizo hupimwa gari likiwa tupu. Pakia watu wazima wanne na mzigo, kisha uinamie pembeni utazame nafasi iliyobaki chini ya Fronx, utaona kwa nini nasema milimita 20 si kitu kidogo. Bampa yake ya mbele nayo imetokeza, na kwenye mtaro uliokatwa na maji ndiyo inayogusa kwanza. Dereva wake lazima ajifunze kuuingia mtaro kwa mshazari, tairi moja moja.

Tairi zenyewe wachambuzi wengi hawazigusi, na kwetu ni jambo kubwa. Jimny inakuja na tairi za 195/80 R15. Hesabu ndogo inaonyesha kwamba ukuta wa tairi hiyo, yaani mpira kati ya rimu na ardhi, ni mm 156. RAV4 yenye 225/65 R17 ina mm 146. Fronx ya 195/60 R16 ina mm 117 tu. Ukuta mfupi hupendeza machoni na hulishika gari vizuri kwenye kona, lakini ukipiga jiwe lenye ncha kwenye njia ya Chemba, ndiyo rimu inayopinda na ukuta unaochanika. Pancha ya ukutani haizibwi, unanunua tairi.

Tukija kwenye miguu, Jimny ina chesisi ya ngazi kama pikapu, na ekseli nzima mbele na nyuma. Ukiipitisha kwenye mashimo inarukaruka, abiria wa nyuma watasema, lakini vitu vya kuharibika ni vichache na vinene. Kilema chake kinachojulikana ni usukani kutetemeka ghafla kwenye mwendo fulani bushi na beringi za ekseli ya mbele zikianza kulegea au tairi zikikosa balansi. Fundi asiyeijua atabadilisha shokapu bure.

Fronx ina miguu ya gari dogo la kawaida: shokapu za mbele zinazojitegemea na boriti nyuma. Kwenye lami inatulia kuliko Jimny kwa mbali sana. Kwenye rafu rodi ya kila siku itaomba linki za stabilaiza na bushi za mkono wa mbele mapema, kama gari lolote la aina yake, ila si kazi ya kumlaza mtu gereji. RAV4 ndiyo yenye starehe kuliko zote tatu kwenye njia mbovu, kwa uzito wake wa karibu tani moja na nusu na miguu ya nyuma inayojitegemea. Tatizo ni kwamba unayoinunua imeshatembea Japani miaka zaidi ya kumi, na bushi za nyuma ni nyingi. Zikifa zote kwa pamoja, bili yake inauma.

Mchanga wa korongo, tope la mbuga

Jimny ndiyo pekee kati ya hizi yenye gia ya pili ya nguvu, ile unayoishusha kwa mkono ili tairi zizunguke polepole zikiwa na nguvu nyingi. Mtu ambaye hajawahi kuitumia hudhani ni ya milimani tu. Kwenye makorongo yetu ya mchanga kazi yake inaonekana wazi. Unapunguza upepo wa tairi, unaweka fowili, unashusha gia, unaliacha gari litambae bila kukanyaga mafuta kwa pupa. Gari la kilo 1,200 hivi linapita pale ambapo zito linazama. Kwenye tope jeusi la Bahi mwezi wa Machi, hata Jimny inahitaji dereva anayejua kugeuza njia kabla ya kunasa.

RAV4 ya fowili huendesha tairi za mbele muda wote na kuzivuta za nyuma inapoona zinateleza, na ina kitufe cha kufunga mfumo huo ukiwa kwenye mwendo mdogo. Inatosha kwa barabara ya kijijini iliyolowa, na inatosha kwa mchanga mfupi. Uwe mwangalifu unaponunua, kwani RAV4 za kuvuta mbele tu zipo sokoni na kwa nje zinafanana na dada zao. Inama uangalie kama kuna shafti inayokwenda nyuma.

Fronx zinazouzwa Afrika huvuta mbele tu. Japani wana ya fowili, na mtu asikuoneshe video ya Kijapani akakuuzia gari la soko lingine. Kwenye mchanga wa korongo Fronx haina la kufanya. Hapo nasema bila kupepesa: kama shambani kwako kuna korongo la kuvuka, iondoe kwenye orodha sasa hivi.

Barabara kuu na malori

Karibu kila uchambuzi wa Jimny nje ya Afrika umeilaumu kwa kelele na uvivu kwenye barabara kuu. Lawama ni ya haki, lakini kwetu inakuja na sura nyingine. Ukitoka Dodoma kwenda Morogoro unapita Kibaigwa, Gairo, Dumila, na kila kijiji kina kibao cha 50 na askari wa usalama barabarani. Kasi za 130 hazina nafasi. Kinachokupima ni malori. Misururu inayopanda kuelekea bara, Rwanda na Kongo, imejaa barabara hiyo, na kulipita lori kunahitaji gari linaloitika kwa haraka ukikanyaga.

Jimny ina injini ya K15B ya lita 1.5 yenye nguvu za farasi zisizozidi 105. Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na taibo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwenye mwinuko huo. Weka na abiria watatu, weka na kiyoyozi, weka na umbo linalopambana na upepo kama ukuta. Kupita lori kwa Jimny, hasa yenye giaboksi ya otomatiki ya gia nne, kunataka upande mrefu ulio wazi na moyo wa kusubiri. Sijaona mchambuzi wa Ulaya akiliandika hili, kwa sababu kwao malori yana njia yake.

Fronx kwa ajili ya Afrika ina injini ya ukoo huohuo wa lita 1.5, lakini gari lenyewe ni jepesi, kilo elfu moja na kidogo, na linapenya hewani vizuri. Inapita malori bila mashaka, ingawa otomatiki yake nayo ni ya gia nne na huguna ukiibana. RAV4 ina farasi karibu 170 na hapa haina mpinzani. Kwenda Iringa, ukipandisha Nyang'oro na familia nzima ndani, ndipo mtu anapoelewa kwa nini gari hili la zamani halitoki kwenye mazungumzo.

Vumbi

Nenda gereji yoyote mjini mwezi wa Septemba, fundi akiwa anafungua kifuniko cha eya klina ya gari lililotoka Kondoa. Anaitoa, anaigonga kwenye tairi, vumbi jekundu linamwagika kama unga. Hilo ni la kawaida. Fundi mzuri haishii hapo. Anapitisha kidole ndani ya bomba, upande ule ambao hewa imeshachujwa, halafu anakuonyesha kidole. "Mkuu, ona." Kikiwa safi, gari lina afya. Kikitoka na wekundu, vumbi limekuwa likiingia kwenye injini, ama kwa sababu eya klina ni ya bei chee na haikai vizuri kwenye kitako chake, ama klipu ya kifuniko imekatika na mtu akafunga kwa waya.

Kwenye gari jipya unaanza na kidole safi na unaweza kulitunza hivyo kwa kubadili eya klina mara mbili ya ratiba ya kitabu. Kwenye RAV4 iliyokwisha tembea Tanzania, ile ya namba C au D unayouziwa mkononi, hilo ndilo jaribio langu la kwanza kabla hata ya kuwasha. RAV4 iliyoshuka moja kwa moja kutoka Japani kwa kawaida haina vumbi hili. Ina lake, ambalo ni kutu chini kama ilitokea mikoa ya theluji.

Fundi na spea

Hapa RAV4 inaongoza, na sababu si ubora wa Toyota peke yake. Spea zake ziko kila duka, mpya na za kukata, na mafundi wa Majengo mpaka Kizota wameifungua na kuifunga wakiwa wamefumba macho. Lakini injini ya 2AZ ina ugonjwa mmoja unaojulikana dunia nzima: zilizotengenezwa kuanzia takriban 2006 hadi 2009 nyingi hula oili. Pete za pistoni zinashika masizi, matundu ya kurudisha oili yanaziba, na oili inapanda kuungua na mafuta. Huko Marekani Toyota ilirefusha dhamana kwa ajili ya tatizo hilo, RAV4 zikiwemo. Mmiliki anayejua hupima oili kila akijaza tangi na haoni shida kubwa. Asiyejua husubiri taa iwake, na taa ikiwaka injini imeshaumia. Giaboksi ya RAV4 ya Kijapani ni CVT, yaani otomatiki ya mkanda isiyo na gia za kawaida, na inataka oili yake maalumu. Nimeona mtu akimwagiwa oili ya otomatiki ya kawaida humo na kulipia giaboksi nzima baada ya miezi.

K15B ya Jimny na Fronx ni injini rahisi, haina taibo wala vikorombwezo. Wachambuzi wameicheka giaboksi ya gia nne kwamba ni ya enzi iliyopita. Mimi naihesabu kuwa faida hapa kwetu, kwa sababu ni otomatiki ya kawaida ambayo fundi wa otomatiki Dodoma anaielewa. Spea za ndani ya injini utaagiza. Za kawaida, filta, brekipedi, plagi, zinapatikana Dar kwa siku moja, na parseli hupanda basi usiku. Taa na bampa za Jimny ndizo zinazochukua muda, na bei yake haina huruma.

Watu na mizigo

Jimny ni ya watu wanne. Si wanne na mtoto wa kubana katikati, ni wanne, mikanda minne. Milango miwili iliyoongezwa imerefusha nafasi kati ya ekseli kutoka mm 2,250 hadi mm 2,590, na abiria wa nyuma sasa anakaa kama mtu. Buti ni lita 208 viti vikiwa vimesimama. Ukitoka soko la Kibaigwa na gunia moja la mahindi, unalaza kiti na kumwacha mtu.

Fronx inabeba watano, na buti ya lita 308 inamezea manunuzi ya mwezi. RAV4 inabeba watano kwa raha na buti yake ni kubwa kuliko hizo mbili zikijumlishwa. Mlango wake wa nyuma unafunguka kwa upande kwa sababu ya tairi ya akiba, kwa hiyo ukiegesha kwa kubana nyuma hautafunguka. Kasoro ndogo, lakini sokoni utaikumbuka.

Mafuta na kodi

Kwa makaratasi ya Suzuki, Jimny ya gia za mkono inakwenda karibu kilomita 16 kwa lita na Fronx karibu 17. Kwa maisha ya kweli punguza mbili au tatu, na kwa Jimny yenye fowili muda mrefu punguza zaidi. RAV4 ya lita 2.4 itakupa kati ya 8 na 10. Tangi la Fronx ni lita 37, la Jimny 40, la RAV4 60, kwa hiyo umbali wa tangi moja haupishani sana. Kinachopishana ni risiti.

Kodi ndiyo watu huiacha mpaka mwisho, na inapaswa kuwa mwanzo. Chukua mfano wa thamani ya forodha ya shilingi 10,000,000 kwa kila gari, ili tulinganishe viwango tu. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, kila moja linafika 12,500,000. Ushuru wa bidhaa kwa injini ya kati ya cc 1,001 na 2,000 ni asilimia 5. Kwa injini inayozidi cc 2,000 ni asilimia 10. Gari lililovuka miaka 10 linaongezewa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30 (la kati ya miaka 8 na 10 ni 15), na RAV4 za kizazi hiki karibu zote zimevuka hapo. Juu yake VAT ya asilimia 18. Fronx au Jimny mpya inaishia kwenye kodi ya 5,487,500. RAV4 inaishia kwenye 10,650,000, yaani kodi inaizidi thamani ya gari lenyewe. Na bado kuna tozo ndogondogo za bandarini na usajili.

Msitafsiri kwamba gari jipya litakuwa rahisi kulinunua. Thamani ya jipya ni kubwa zaidi kwa mbali, na jumla yake itakuwa juu. Ninachosema ni kwamba kwenye RAV4 zaidi ya nusu ya fedha yako haiko kwenye bati. TRA wana kikokotoo cha magari yaliyotumika mtandaoni. Ingiza modeli, mwaka na cc kabla ya kumtumia mtu wa Japani senti, kwa sababu TRA wanatumia thamani yao, si ile ya ankara yako.

Usalama

Wengi huamini jipya ni salama kuliko kuukuu. Mwaka 2019 Global NCAP, shirika linalopima usalama wa magari kwa kuyagongesha, pamoja na chama cha magari cha Afrika Kusini waligonganisha pikapu mbili za Nissan: NP300 mpya iliyouzwa Afrika, na Navara ya 2015 iliyotumika Ulaya. Dereva wa ile mpya ya Afrika alionekana angekufa, na wa ile iliyotumika angetoka na majeraha madogo. Tangu siku ile naona kila uchambuzi wa gari linalouzwa kwetu usiotaja mifuko ya hewa ya soko letu kuwa haujakamilika.

Jimny ya milango mitatu ilipata nyota 3 za Euro NCAP mwaka 2018. Jimny ya milango mitano ya India ina mifuko sita, lakini idadi hubadilika kutoka nchi hadi nchi na daraja hadi daraja, na Fronx ni hivyohivyo. Ukifika kwa wakala usiridhike na kijitabu cha rangi. Fungua mlango, tazama maandishi ya mifuko ya hewa kwenye nguzo na ubavuni mwa kiti, hesabu mwenyewe. Kwenye RAV4 washa swichi uone taa ya mfuko wa hewa ikiwaka na kuzima. Isipowaka kabisa, huenda kuna mtu ameichomoa balbu ili kuficha kwamba mifuko ilishafyatuka.

Ningeshauri hivi

Familia ya watu watano hapa mjini, kazi Mtumba, shule Kisasa, kijijini kwao barabara inapitika na SGR ndiyo njia yao ya Dar: Fronx, na kama kuna Starlet Cross kwa bei inayokaribiana wachukue hiyo, kwa sababu nembo ya Toyota itawarudishia fedha siku ya kuuza. Wabadilishe tairi zikiisha waweke zenye ukuta mrefu kidogo ambazo rimu na mabawa vinaruhusu.

Mwenye shamba ng'ambo ya korongo, bwana shamba, mganga anayezunguka zahanati za Chemba, mtu ambaye njia mbaya ni ajira yake na mara nyingi yuko peke yake au na mwenzake mmoja: Jimny, ya gia za mkono. Fedha ni nyingi kwa gari la viti vinne, najua. Lakini hakuna kati ya hizi nyingine itakayomfikisha huko mvua za Januari zikinyesha, na hapa kwetu kuuza Jimny hakujawahi kuwa tatizo.

Mwenye watoto watatu, wazazi Singida, mzigo kila safari na bajeti isiyofika kwenye gari jipya: RAV4, bila kusita. Atafute iliyotengenezwa baada ya 2009 ikiwezekana, yenye shafti ya nyuma, na kabla hata ya kuisajili atenge fedha za bushi zote za nyuma, oili ya CVT ya aina yake, tairi nne na eya klina halisi. Ikishatoka gereji, apime oili ya injini Ijumaa jioni, aende Singida na kurudi, apime tena Jumatatu asubuhi injini ikiwa ya baridi, gari limesimama mahali palipo sawa. Ikiwa imeshuka zaidi ya nusu ya alama za kijiti, arudi kwa fundi wiki hiyohiyo.